Siku Tulipomwona Anko Simiyu kwenye TV

Sisi tuliokulia Nakuru enzi TV zilipokuwa na mgongo tunajua kwamba TV haikuwa kitu cha kuangalia tu. Ilikuwa mtu wa familia, tena mkubwa. Yetu ilikaa juu ya kabati la sebuleni, nyumbani kwetu mtaa wa Section 58, imevalishwa kitambaa cheupe ambacho Mama alikishona mwenyewe kwa kroshia. Juu ya kitambaa kulikuwa na maua ya plastiki yaliyooshwa kila Jumamosi, siku moja na sisi watoto. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa kwa mkono uliotoka kula. Picha ilipoanza kutetemeka, mmoja wetu alitumwa nje kuzungusha bomba la antena, na mwingine akasimama dirishani kupokeza maagizo: geuza, geuza, rudisha, hapo hapo, usipumue. Mabao mengi ya mpira niliyasikia kupitia dirishani nikiwa nimekumbatia bomba, nikitazama mlima Menengai.

Maisha mengine yote yalikuwa nje. Tulicheza kati, ile ya kukwepa mpira, na bladaa ya kuruka kamba, mpaka upepo wa ziwani ulipoleta lile vumbi jeupe linaloingia hadi kwenye meno, na hapo tukahamia nyuma ya nyumba kucheza bano za gololi. Chapati zilikuwa za Jumapili na za wageni. Siku za katikati ya wiki zilikuwa za githeri ya mahindi na maharagwe, na githeri haikuulizwa maswali. Mama alikuwa mwalimu wa nasari, na alituita jinsi alivyowaita wanafunzi wake, mara moja. Alizoea kusema, "Ukisikia jina lako mara ya pili, umeshachelewa." Binti yangu leo husikia jina lake mara tano, halafu hunitumia ujumbe kwa simu kutoka chumbani kuniuliza nataka nini.

Baba alisimamia stoo katika kampuni moja ya unga. Alikuwa mtu wa kusoma maelezo. Hata panadol hakuimeza kabla ya kusoma ile karatasi iliyokunjwa ndani ya pakiti, pande zote mbili. Babu, baba yake, alikuja Nakuru kutoka Bungoma kufanya kazi ya reli, akastaafu, akarudi nyumbani Bungoma, na huko akafariki. Aliacha mjane, nyanya yetu, ambaye tulimwita Kukhu kama Wabukusu wote wanavyofanya. Aliacha pia wana wawili, Baba na mdogo wake, Anko Simiyu.

Anko Simiyu alikwenda Amerika nikiwa mtoto wa kubebwa. Mimi nilimjua kwa picha moja ya pasipoti iliyokaa kwenye albamu, amekasirika kidogo kama watu wote wa picha za pasipoti. Babu alipokufa, Simiyu hakuja kwenye mazishi. Alipiga simu, laini ikakatika, akapiga tena, ikakatika. Kukhu hakuzungumza na yeyote kuhusu jambo hilo. Kila mwaka, ifikapo Novemba, alikuwa anapaka nyumba yake udongo mpya, na akiulizwa anasema Krismasi inakuja na pengine wageni.

Nikiwa darasa la sita, Kukhu alikuja kwetu kwa ajili ya macho. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, na alisema anaona dunia kama anaitazama kupitia glasi ya maziwa. Daktari alimwambia atapangiwa siku ya kufanyiwa upasuaji, arudi nyumbani asubiri. Aliamua kuondoka Jumapili, kwa sababu mahindi yalikuwa yanangoja palizi na hakumwamini mtu yeyote na jembe lake.

Wiki hiyo hiyo, mama mmoja aliyekuwa akisali kanisa moja na Anko Simiyu huko Amerika alikuja likizo, akatuletea mzigo kutoka kwa Anko. Ulikuwa na shati la Baba, kubwa kiasi kwamba lingetosha Baba na mtu mwingine, na CD moja iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: MAMA.

Hatukuwa na deki ya kuchezea CD. Tukaipeleka kwa jirani mwenye deki, ikazunguka, deki ikasema hakuna CD. Tukaitoa, Baba akaifuta kwa shati, ikazunguka tena, ikasema vile vile. Dada yangu Nekesa alikuwa kidato cha tatu na alisoma somo la kompyuta. Shuleni kwao kompyuta moja iliguswa na wanafunzi wengi kwa zamu, lakini alikuwa amegusa. Akasema hiyo video haikutengenezwa kwa deki, inataka kompyuta.

"Twende saiba tukalipie kompyuta basi," Mama akasema.

Kukhu akakataa. "Nikamwone mtoto wangu kati ya watu wa mjini? Simiyu si sinema."

Ndivyo Baba alivyonunua kompyuta. Saiba moja karibu na stendi ilikuwa inafungwa na vitu vyake kuuzwa. Baba alipofika, skrini zote zilikuwa zimechukuliwa, na kilichobaki ni masanduku ya kompyuta yenyewe. Muuzaji alimwonyesha tundu la mviringo nyuma ya sanduku moja. "Mzee, hii iko na njia ya TV. Unachomeka tu." Akamwongezea kibodi, mausi, na waya mrefu wa manjano. Baba alirudi nyumbani Ijumaa jioni amebeba lile sanduku begani, na alipoulizwa skrini iko wapi, akaelekeza kidole kwenye TV.

Mama aliitazama TV, akamtazama Baba. Kila siku saa moja jioni aliangalia habari, na baada ya habari kulikuwa na kipindi chake ambacho mwanamke mmoja alikuwa amepoteza kumbukumbu tangu mwezi wa pili.

"Baba Nekesa," akasema, "kesho saa moja hiyo TV iwe imerudi kuwa TV."

"Unachomeka tu," Baba akamwambia.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana tulianza. Maua ya plastiki yalitolewa, kitambaa kikakunjwa. Kukhu aliketi kwenye kochi akiwa amevaa nguo yake ya kanisa, mikono mapajani. Baba alichomeka ncha moja ya waya wa manjano kwenye kompyuta, na nyingine kwenye tundu la manjano la TV. Akawasha. Kompyuta ikaunguruma kama posho mill ya kusaga mahindi. TV ikawa nyeusi, ikabaki nyeusi.

Baba alitafuta kitabu cha maelezo cha TV, ambacho alikihifadhi kwenye bahasha pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa. Akakisoma chote kwa sauti, pamoja na sehemu inayokataza kuweka TV karibu na beseni la kuogea. Kukhu alisikiliza kwa makini. Alidhani ndiyo mwanzo wa ibada.

Ni Nekesa aliyeelewa shida. "Kompyuta haijui kama kuna TV," akasema. "Inafikiri ina skrini ya kawaida. Lazima tuingie ndani tuiambie itume picha huku."

"Iambie basi."

"Siwezi bila kuona nabonyeza wapi. Nataka skrini."

Baba alifikiria jambo hilo. "Kwa hivyo ili tuone, lazima kwanza tuone."

"Ndiyo."

"Huyo muuzaji hakusema hivyo," Baba akasema, akavaa viatu.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi Bwana Balbir, aliyekuwa na duka la spea za magari mjini. Alizaliwa Nakuru, na baba yake naye alifanya kazi ya reli, kwa hivyo yeye na Baba walisalimiana kama watu waliorithi mwajiri mmoja. Alikuwa na kompyuta mezani kwake. Baba alimweleza habari yote, kuanzia Babu. Bwana Balbir alisikiliza, akachomoa skrini yake, akaifunga blanketi, na kuiweka kwenye wilibaro.

"Pole pole kwa mashimo," alisema. "Na mama akimaliza kuona, mnieleze kijana anaendeleaje."

Tuliisukuma ile wilibaro kama gari la wagonjwa. Baba mbele, mimi na Nekesa pembeni tumeishika skrini kila mmoja upande wake. Watoto wenzetu waliacha bano wakasimama, na mmoja akavua kofia.

Skrini ya Bwana Balbir ilipowaka, tuliona kompyuta yetu kwa mara ya kwanza. Ilikuwa na picha ya ua la njano na maneno ya saiba kuhusu kulipa kabla ya kutumia. Nekesa aliweka CD ndani, akapata video, na sura ya mwanamume ikatokea. Baba akamwita Kukhu asogee.

Kukhu alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Skrini ilikuwa ndogo, na sura ndani yake ilikuwa ndogo zaidi, kama stempu.

"Unamwona, Mama?"

"Naona taa," Kukhu akasema. Akarudi kwenye kochi.

Nekesa aliisimamisha video, akaanza kutafuta ile sehemu ya TV. Alifungua mlango mmoja ukamwingiza kwenye mwingine. Baba alisimama nyuma yake akisoma kila neno kwa sauti, hata yale ya kufunga. Hatimaye wakafika mahali palipochorwa skrini mbili, moja ina namba moja, ya pili namba mbili imefifia. Nekesa akabonyeza ile iliyofifia, akakubali.

TV ikashtuka. Mistari ikapita kutoka juu kwenda chini kama mtu anayevuta blanketi, na nyuma ya mistari ikaonekana sura ya Anko Simiyu, kubwa, lakini haina rangi, na ilikuwa inapanda juu, inapotea, na kurudi kutoka chini.

"Ni yeye?" Kukhu akauliza.

"Ni yeye, lakini hatulii," Baba akasema.

Nekesa alichimba tena, akakuta kwamba kompyuta inatuma picha kwa mtindo wa TV za Amerika, na TV zetu hazisomi mtindo huo. Kulikuwa na orodha ya nchi za kuchagua. Aliishuka yote, akaipanda yote. Kenya haikuwepo.

"Chagua jirani," Mama akasema. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote akijifanya anapepeta mchele.

Hakukuwa na jirani pia. Nekesa akafikiri kidogo, akabonyeza Uingereza. Picha ikatulia, na rangi zikaingia, kwanza nyekundu, halafu zote.

Baba aliitazama ile TV kwa muda. "Sisi si tulipata uhuru?" akauliza.

Sehemu ya juu ya kichwa cha Anko ilikuwa imekatwa, kwa sababu picha ilikuwa kubwa kuliko kioo. Nekesa alipunguza kipimo mara moja, mara mbili, na kichwa chote kikaingia. Tukamtoa Kukhu kwenye kochi, tukamketisha kwenye kiti, tukambeba pamoja nacho, tukamweka mbele ya TV, karibu kiasi kwamba mimi ningekatazwa. Nekesa akairudisha video mwanzo.

Anko Simiyu alikuwa ameketi kwenye kiti cha jikoni, amevaa shati la bluu. Alikuwa mnene kuliko pasipoti yake. Akafungua mdomo, akaanza kuongea, na hatukusikia kitu.

Waya wa manjano ulikuwa wa picha peke yake. Sauti ilitaka waya mwingine, na muuzaji hakuwa ameutaja. Baba aliinuka aisimamishe video, lakini Kukhu akanyoosha mkono kumzuia.

"Mwache aongee," akasema.

Kukhu aliinamisha kichwa upande, akakodoa jicho lake la kulia, ambalo lilikuwa na nafuu. Kisha akaanza kutuambia.

"Anatusalimia. Anasema mulembe. Anaita nyumba yote." Anko alikuwa anapungia mkono kidogo. "Anasema anakula vizuri, hata mimi naona. Anauliza ng'ombe. Sasa anamtaja baba yake." Anko alikuwa ameangalia chini. Mabega yake yakainama, akajifunika uso kwa mikono miwili, akakaa hivyo. "Hapo anaomba," Kukhu akasema. Tukanyamaza mpaka akamaliza. Anko akainua uso, akaongea tena maneno machache, akatikisa kichwa. "Anasema atakuja Desemba," Kukhu akasema, na video ikaisha.

Nilimwangalia Mama. Mama alikuwa ameacha kupepeta.

Baba alikwenda mjini kutafuta waya wa sauti. Alipokuwa huko, Kukhu alitaka kuona tena, na Nekesa akamwekea. Mara hii aliongezea mambo. Anko alisema shati amelinunua mwenyewe. Anko alisema baridi ya huko si mbaya kama wanavyosema. Alipofika mahali pa kujifunika uso, Kukhu naye alifumba macho.

Baba alirudi na waya wenye ncha moja nyembamba na nyingine mbili, nyekundu na nyeupe. Aliuchomeka bila kusoma chochote. Kompyuta ikatoa mlio, na mlio ukasikika kwenye TV. Nekesa akairudisha video mwanzo.

Sauti ya Anko Simiyu ilikuwa nyembamba kuliko nilivyotarajia. Aliongea Kibukusu. Alisema mulembe, Mama. Aliita nyumba yote, kama Kukhu alivyotuambia. Kisha akasema amekuwa akiogopa kupiga simu, ndiyo maana ametuma hii, kwa sababu kwenye simu angekata laini. Akasema hana karatasi za kuishi huko. Muda wake ulikwisha zamani, na akitoka hataruhusiwa kurudi, na sasa ana mke na mtoto wa kike amezaliwa, amempa jina la mama yake, Kukhu. Akasema siku ya kumzika baba yake alikwenda kazini akaosha vyombo mpaka jioni, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Hapo akajifunika uso. Na sasa, kwa kuwa sauti ilikuwepo, tulijua kwamba hakuwa akiomba.

Alipoinua uso alisema, "Mama, usiningoje Desemba." Akatikisa kichwa. Video ikaisha.

Kompyuta iliendelea kuunguruma. Baba alikuwa amesimama nyuma ya TV akiwa bado ameshika mwisho wa waya, kama mtu aliyekamatwa nao.

"Imeisha?" Kukhu akauliza.

"Imeisha, Mama."

Kukhu alinyoosha nguo yake magotini. "Ana mtoto," akasema. "Ameitwa mimi." Kisha akasema, "Sasa toa hiyo waya ya sauti, uanze tena."

"Mama, nimekukosea?" Baba akauliza.

"Hapana. Hayo nimesikia. Sasa nataka kumwona."

Baba akachomoa waya. Nekesa akaanza upya. Kukhu alisogeza kiti mbele kidogo, na mara hii hakutuambia kitu. Aliangalia tu. Alimwangalia mtoto wake akisalimia, akiinama, akilia, akitikisa kichwa, mpaka mwisho, na Nekesa akarudisha mwanzo bila kuambiwa. Saa moja ilifika. Tulisikia muziki wa habari kutoka kwa jirani. Mama alikuja, akaketi chini kwenye zulia kando ya kiti cha Kukhu, akamshika mguu, wakaangalia pamoja.

Jumapili Kukhu alipanda gari la Bungoma kama alivyopanga, akalima mahindi yake. Baba aliirudisha skrini ya Bwana Balbir kwa wilibaro ile ile, akakaa huko mpaka chai mbili, na aliporudi alisema Bwana Balbir ametuma pole na pongezi, zote mbili. Mwaka huo Kukhu alifanyiwa upasuaji, akaona mpaka vumbi lililo juu ya kabati letu, akalitaja. Ilipofika Novemba alipaka nyumba yake udongo mpya kama kawaida. Hakuna aliyemuuliza.

Anko Simiyu alipata karatasi zake baada ya miaka mingi, mimi nikiwa nimeshaolewa. Alikuja na mke wake na binti aliyekuwa mrefu kuliko sisi sote. Kukhu alikuwa hai. Alimngoja mwanawe langoni, akamshika mashavu kwa mikono miwili, akamgeuza uso kushoto na kulia kama mtu anayenunua ng'ombe, na neno la kwanza alilomwambia ni kwamba nywele zimepungua. Kisha akamshika yule binti mkono akaenda kumwonyesha kuku. Anko akabaki langoni analia, na Baba akamsaidia kubeba mabegi.

Kukhu alifariki miaka michache baadaye, usingizini, na safari hiyo Simiyu alikuja kuzika.

Siku hizi TV yangu ni nyembamba kama sinia, imebandikwa ukutani, na huwezi kuweka juu yake hata ua moja. Haina waya wa manjano wala mwekundu. Binti yangu hugusa simu, na picha inaruka yenyewe mpaka ukutani. Nilipomsimulia habari ya Nekesa na orodha ya nchi, alinisikiliza mpaka mwisho, nikamshukuru Mungu, halafu akauliza, "Mathe, kwani hamkuwa na wifi?" Nikamwambia hatukuwa nayo. Akanipa pole, na nadhani alimaanisha.

Anko hupiga simu ya video kila Jumapili baada ya kanisa. Binti yangu humweka ukutani, na tunamwona mzima, na jikoni kwake kote, na hata tarehe kwenye kalenda iliyo nyuma yake. Yeye naye anatuona. Anauliza hali, tunamwambia nzuri. Tunamuuliza hali, anasema nzuri. Anauliza mvua. Tunamwambia. Binti yangu anakuwa ameshachukua simu nyingine. Jumapili iliyopita baada ya habari ya mvua hakukuwa na kitu kingine cha kusema, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata. Picha ilikuwa safi kabisa. Tukaendelea kutazamana, yeye kule, sisi huku, kila mmoja akingoja mwenzake aseme ana kazi ya kufanya.